Mota ya Kupandia Vilima: Ipi Ifaayo Baiskeli?

Mtu ye yote aliyepata kupeleka mikungu ya matoke kwa baiskeli katika vilima vya Isingiro ajua kwamba nusu ya safari mtu huipanda baiskeli, na nusu nyingine baiskeli humpanda mtu.

Ndugu yangu mmoja akaaye Nakivale, upande wa Rubondo, alichoka na mambo hayo. Akauza mbuzi wawili, akaja Mbarara, akanunua mota ya umeme ya kufungwa katika gurudumu la mbele. Katika lami ya mjini ilikwenda vizuri sana. Lakini alipofika kwao na kupakia mzigo nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi. Kilimani likazunguka bure juu ya changarawe, na baiskeli isisogee. Sasa asukuma mzigo ule ule, pamoja na kilo 7 za mota na betri.

Kwanza tufanye hesabu. Baiskeli kilo 20, mpandaji kilo 60, mzigo kilo 40: jumla kilo 120. Tuseme kilima chainuka meta 8 kwa kila meta 100 za njia. Ukipanda kwa mwendo wa kilometa 9 kwa saa, yaani meta 2.5 kwa sekunde, wainuka sentimeta 20 kila sekunde. Zidisha 120 kwa 9.8 kwa 0.2: wapata wati 235. Ongeza wati 60 hivi za kushinda changarawe, zawa karibu 300. Miguu ya mtu mwenye afya yaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu. Basi mota yatakiwa itoe wati 200 zilizosalia, tena izitoe katika mwendo huo wa polepole. Hapo ndipo wengi hukosea. Muuzaji hutaja mbio za mota katika tambarare. Wewe muulize habari za kilimani.

Mota za ndani ya gurudumu ni za namna mbili. Moja haina meno ndani. Ni nzito, na ikienda polepole hula umeme mwingi na kuugeuza kuwa joto. Ya pili ina meno madogo ndani, hata mota yazunguka kwa haraka huku gurudumu likienda taratibu. Hii ndiyo ya vilima. Iko pia mota ifungwayo penye pedeli, ivutayo mnyororo. Ni bora kuliko zote kwa baiskeli yenye gia nyingi, lakini baiskeli zetu za mizigo zina gia moja tu, na faida yake kubwa hupotea.

Kwa hiyo mimi ningechagua mota yenye meno, tena ya gurudumu la nyuma, chini ya mzigo, ambapo tairi hushika ardhi. Shauri hili si geni. Wafaransa walipoanza kuuza VeloSoleX mwaka 1946, injini yake ya petroli iliendesha gurudumu la mbele kwa kigurudumu kilichosugua tairi, na penye maji kiliteleza. Cyclemaster ya Waingereza, mwaka 1950, ilikaa katika gurudumu la nyuma.

Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Kuinua zile kilo 120 meta 100 kwenda juu kwahitaji wati-saa 33, na kwa kuwa mota hupoteza sehemu, hesabu 47. Vilima 7 vya namna hiyo, nayo imekwisha, usipoisaidia kwa miguu. Yatosha kwenda sokoni Base Camp na kurudi. Safari ya Mbarara, zaidi ya kilometa 50, usiitegemee.

Lakini kabla ya kununua cho chote, zitazame breki. Kila kilima kina mteremko wake, na breki za fito juu ya rimu ya chuma, mvua ikinyesha, hazishiki sawasawa hata bila mota. Fedha zikiwa chache, anza na breki.

Ndugu yangu sasa aweka akiba ya gurudumu la nyuma. Mota ya mbele ataiuza; asiyechukua mizigo, na aishiye penye lami, aweza kuja kuitazama.