Majina ya Nchi Zisizokuwapo: Kuzisoma Upya Riwaya za Ajabu za Kiswahili

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi huisoma riwaya ya fantasia kama afumbuaye kitendawili: akishapata jibu, huifunga. Kusadikika, atasema, ni Tanganyika chini ya wakoloni. Walenisi ni ndoto ya usawa. Majibu hayo si ya uongo, ila ndiyo yanayosababisha kazi hizi zisomwe mara moja tu, tena kwa ajili ya mtihani. Makala haya yanashikilia kuwa usomaji wa pili una tija zaidi, na kwamba pa kuanzia ni pale msomaji wa kwanza anapopita mbio, yaani kwenye majina.

Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert ni nchi inayoelea angani. Wajumbe wake sita wanatumwa pande sita, wanarejea na habari za nchi nyingine, na malipo yao ni kifungo. Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno, anasimama barazani kuwatetea. Jina la nchi ni kitenzi 'sadiki' katika kauli ya kutendeka, kauli isiyomtaja mtenda. Ni nani basi anayepaswa kusadiki? Kesi nzima inazunguka swali hilo: habari za ulimwengu ambao wasikilizaji hawajauona zinasadikika kwa kipimo gani? Kila mwandishi wa bunilizi za kisayansi hukabiliwa na swali lilo hilo.

Riwaya ninayoirejelea mara nyingi zaidi ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Dzombo anahukumiwa kifo; anatiwa ndani ya chombo cha angani kilichoundwa kiwe mauti yake. Badala ya kuangamia, anajifunza kukiendesha, akafika Walenisi. Usomaji wa kwanza humvutia mtu kwenye nchi hiyo ya haki. Usomaji wa pili hunirudisha chomboni: mtambo ni ule ule, kilichobadilika ni mkono unaoushika. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina bunilizi za kisayansi na wazisome upya kurasa hizo. Ikumbukwe pia kuwa Mkangi, mwanasosholojia, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986. Alipoandika juu ya adhabu za dola, hakuwa akibuni kila kitu.

Kisha lije jina lenyewe. Likitenganishwa, Walenisi ni sentensi kamili: wale ni sisi. 'Wale' ni kionyeshi cha mbali. 'Sisi' ni nafsi ya kwanza wingi. Kati yao pana kitenzi kishirikishi 'ni', silabi moja tu. Safari yote ya Dzombo imo katika silabi hiyo. Nakiri kwamba mazungumzo marefu ya kuufafanua mfumo wa Walenisi huchosha, na msomaji wa pili anaweza kuyaruka baadhi bila hasara kubwa. Jina halirukiki.

K. W. Wamitila naye, katika Bina-Adamu! (2002), analivunja neno tulilozoea kwa kistari na kulitia alama ya hisi, hata ukoo wa Adamu ukasikika upya, nusu mwito, nusu lawama. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed mambo ni kinyume: mhusika mkuu amepunguzwa hadi herufi moja, K. Ana cheo na mali, lakini marehemu babu yake anapomjia, hapana jina la kumwitia.

Imebaki Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi, ambayo wengi wetu tuliikimbia baada ya kurasa chache. Jina lilikuwa limeshatuonya. Mzingile ni njia za kupotezana, na mara ya kwanza msomaji hutafuta mlango wa kutokea. Akirudi huku akijua kwamba mlango haupo, hutembea polepole na kuanza kuzitazama kuta. Kitabu chenyewe ni kifupi. Jioni moja yatosha.