Dondoo muhimu: Kuwasha kache ya diski bila kupoteza data

Kisii na Nyamira, mvua ya radi ya alasiri mara nyingi huondoka na stima. Ukihifadhi data kwenye seva kadhaa zilizounganishwa, kache ya diski huharakisha uandishi, lakini kilichomo hupotea umeme ukikatika.

• Kagua kwanza. Kwenye Linux, amri hdparm -W /dev/sda huonyesha hali ya diski ya SATA. -W1 huwasha kache, -W0 huizima.

• Iwashe tu ikiwa programu ya kuhifadhi data huamuru diski imwage kache (iandike kilichomo kwa kudumu) kabla ya kuthibitisha kuwa data imehifadhiwa. Ceph, programu ya kuhifadhi data kwenye seva nyingi, hufanya hivyo. Usiondoe kinga hiyo kwa kutafuta kasi.

• Kama kidhibiti cha RAID kina betri, tumia kache yake na uzime ya diski.

• Seva 3 zenye nakala za data ile ile, zikiwa kwenye laini moja ya umeme, huzimika pamoja. Ipe kila seva UPS yake, na uipange izime seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

• Tumia data ya majaribio: chomoa waya wa umeme katikati ya kuandika, kisha kagua kilichobaki.

Jaribio likifeli, zima kache. Rekodi ya mgonjwa au ya mkulima wa chai ina thamani zaidi kuliko kasi.