Kumwagilia Maua ya Ndani Unapokuwa Safarini

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa hupata mvua za msimu mmoja. Huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma kati ya Aprili na Mei. Baada ya hapo ni kiangazi, udongo hupasuka na upepo wa kusi hukausha kila kilicho wazi. Mwenye maua ya vyungu sebuleni hafaidiki sana na kalenda hiyo, maana hata mvua ya Desemba hainyeshi ndani ya nyumba. Mwalimu anayekwenda likizo ya Juni na familia inayohamia shambani wakati wa kuokota korosho wana swali moja: nani atamwagilia?

Wapo wanaolijibu kwa kuacha bomba likidondosha maji polepole, au kwa kuunganisha mpira mwembamba kutoka kwenye bomba hadi chunguni. Mtumiaji anashauriwa asifanye hivyo. Chukua bilauri ya robo lita uikinge chini ya bomba linalodondosha. Ikijaa kwa dakika 10, bomba hilo linatoa lita 1.5 kwa saa, yaani lita 36 kwa siku. Kwa safari ya siku 14 ni lita 504, zaidi ya ndoo 25 za lita 20 na nusu ya uniti moja ya ankara, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Hakuna ua la sebuleni linaloweza kunywa kiasi hicho. Litaoza mizizi kabla hujarudi.

Hasara kubwa zaidi huja pale maji yanapokatika. Huduma ikisimama kwa sababu ya mgawo, umeme au bomba kuu kupasuka, bomba uliloliacha wazi huwa kavu na mimea hukosa maji. Huduma ikirudi usiku, msukumo huwa si ule uliouacha. Kilichokuwa tone huweza kuwa mchirizi, na hakuna mtu nyumbani wa kusikia. Maji yaliyopita kwenye dira yako yanahesabiwa kuwa yako, yawe yameingia chunguni au yamelowanisha magodoro.

Kwa hiyo mpe mmea maji yaliyokwisha kupimwa, kisha ufunge bomba. Njia ya utambi ni rahisi na kila aliyewahi kutumia koroboi anaifahamu: kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa, ndivyo kitambaa cha pamba kinavyovuta maji. Kata ukanda wa kanga kuukuu au fulana ya pamba, uloweshe wote, uchomeke ncha moja kwenye udongo kwa kina cha kidole, na nyingine uizamishe hadi chini ya ndoo iliyoinuliwa kidogo kuliko chungu. Kitambaa cha nailoni hakifai, kwani hakinyonyi vizuri.

Usiondoke siku hiyohiyo uliyofunga utambi. Weka alama ya kalamu kwenye ndoo mahali maji yalipofika, uache siku mbili, kisha upime upungufu. Ikiwa imepungua lita moja, safari ya siku 14 inahitaji lita 7, nawe ongeza kidogo kwa tahadhari. Jaribio hili ndilo watu wengi huliruka, na ndilo lenye faida kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kwa chungu kikubwa, kitu bora ni mtungi mdogo wa udongo usiopakwa rangi. Mtungi wa maji ya kunywa hutoa jasho kwa sababu una vinyweleo. Ukiuzika kwenye udongo hadi shingoni, ukaujaza na kuufunika, maji hupenya taratibu udongo unaouzunguka unapokauka. Mfinyanzi anaweza kukufinyangia mdogo ukimweleza matumizi yake.

Chombo chochote chenye maji lazima kifunikwe, utambi ukipita kwenye tundu dogo la kifuniko. Mbu waenezao homa ya dengue huzaliana katika maji yaliyotuama majumbani. Kwa sababu hiyo, na kwa ajili ya mizizi, usiviache vyungu vikiwa vimesimama ndani ya beseni la maji.

Mimea yenyewe haifanani. Mshubiri, na ile jamii ya mkonge yenye majani yaliyosimama kama panga, hustahimili wiki mbili au tatu bila tone; wamwagiliaji wenye huruma huiua mara nyingi kuliko kiu. Mrehani hautavumilia hata siku chache za joto, hivyo upeleke kwa jirani. Umwachie jirani kikombe na umwambie idadi: kimoja, kila baada ya siku mbili. Ukimwambia “usiache kumwagilia” tu, atamwaga ndoo. Mimea mingine isogeze mbali na dirisha la jua na uikusanye pamoja, hupunguza kukauka.

Kabla ya kufunga mlango, funga koki iliyo baada ya dira, kisha andika namba za dira na tarehe, au zipige picha kwa simu. Ukirudi, soma tena kabla ya kufungua. Ikiwa namba zimesogea ilhali koki ilifungwa, ama koki haifungi sawasawa, ama bomba linavuja, ama dira ina hitilafu. Peleka kumbukumbu hizo kwa mtoa huduma wako: kwa mteja wa mji wa Nachingwea ni Mamlaka ya Maji ya Masasi–Nachingwea (MANAWASA), na vijijini ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kilicho chini ya RUWASA. Mteja wa mamlaka ya maji asiyeridhika na majibu anaweza kufikisha lalamiko lake EWURA, akiambatisha ankara, zile picha mbili za dira, na majibu aliyopewa.