Mwenye kibanda anatisha tu, au ana mtu kweli?

Shangazi, nauza viatu vya mtumba Gikomba. Kibanda nimekodi kwa mtu binafsi, huu mwaka wa sita, bila mkataba wa maandishi. Kodi ni Sh12,000 kwa mwezi tangu mwanzo, na sijawahi kuichelewesha. Juzi mwenye kibanda alinijia akasema amepata mtu aliye tayari kumpa gudwili (malipo ya kuachiwa kibanda) ya Sh300,000, kwa hivyo nipandishe kodi hadi Sh18,000 kufikia mwisho wa mwezi au nihame. Mwaka juzi alimwambia jirani yangu wa mikoba maneno hayo hayo, na jirani akalipa. Moyo wangu unaniambia ni vitisho vya bure. Kaka yangu, ambaye hucheza poka kwenye simu, anasema nikatae ili mzee alazimike kufunua karata zake. Lakini hiki kibanda ndicho kinacholisha watoto wangu watatu. Nifanyeje?

Mama Viatu, Gikomba

Mwanangu, kaka yako anaujua mchezo, ila amekupa nusu yake.

Mwaka 2003, katika fainali ya mashindano makubwa ya poka kule Las Vegas, mhasibu mmoja kutoka Tennessee aitwaye Chris Moneymaker alikabiliana na Sammy Farha, mchezaji mzoefu. Moneymaker hakuwa na chochote mkononi, hata jozi moja. Akasukuma dau lake lote mezani. Farha alikuwa na jozi ya tisa, na alishuku kwamba anatishwa. Alifikiri, akasita, kisha akaziweka karata zake chini. Aliyekuwa na mkono mtupu ndiye aliyeondoka na ubingwa na dola milioni 2.5.

Wengi humwona Farha kama mtu aliyeogopa. Mimi namwelewa. Katika mashindano, ukiishiwa huwezi kutia mkono mfukoni ununue dau jingine. Unainuka, unaacha kiti. Ndiyo maana kushuku peke yake hakutoshi. Nawe uko kwenye mashindano kama yale, na kiti chako ni hicho kibanda. Kwa hivyo una maswali mawili ya kujibu: je, mzee anadanganya? Na je, nikikosea, nitabaki sokoni?

Tuanze na la kwanza. Usiusome uso wake, kwa maana kuna watu wanaodanganya huku wamekaa kitako wakinywa chai. Isome hadithi yake. Anasema ana mtu wa Sh300,000 taslimu, lakini anachotaka kwako ni nyongeza ya Sh6,000 kwa mwezi. Itakuchukua miezi 50, yaani zaidi ya miaka minne, kumfikishia Sh300,000. Mtu mwenye donge kama hilo mlangoni angekuja kukuuliza nyongeza? Hapo hadithi ina tundu.

Uliza pia kama kuna mgeni aliyekuja kukiona kibanda. Hakuna mfanyabiashara wa Gikomba anayetoa laki tatu bila kusimama mahali hapo alfajiri, marobota yanapofunguliwa na wateja wakisukumana kutafuta kamera (vile viatu bora kabisa), ahesabu miguu inayopita. Mgeni wa namna hiyo huonekana. Waulize majirani, muulize mvuta mkokoteni wako.

Lakini usijidanganye na la jirani wa mikoba. Kwa kuwa yeye alilipa, karata za mzee hazikufunuliwa, na mpaka leo hakuna ajuaye kama alikuwa na mtu au hakuwa naye. Tafuta mpangaji aliyewahi kumkatalia. Yaliyompata huyo ndiyo ushahidi.

Na kuna jambo litakalokuuma: wenzako wa safu hiyo wanalipa ngapi? Kama wengi wanalipa Sh16,000 au Sh17,000 nawe umebaki kwenye Sh12,000, basi hata kama mtu wa laki tatu hayupo leo, anaweza kupatikana kesho. Tishio linaweza kuwa la uongo na bado likawa na nguvu.

Sasa swali la pili. Chukua karatasi. Nyongeza ya Sh6,000 ni Sh72,000 kwa mwaka. Tuseme kuhama kutakugharimu Sh120,000: gudwili ya mahali pengine, pamoja na wiki ambazo wateja watakutafuta wasikuone. Kwa hesabu hiyo, ukipima kwa mwaka mmoja, kukataa kunakulipa ikiwa tu una hakika ya zaidi ya 40 kwa 100 kwamba mzee anatisha bure. Weka tarakimu zako mwenyewe. Na ikiwa hizo Sh120,000 huna pa kuzitoa, hiyo 40 haikutoshi. Unahitaji hakika kubwa zaidi, kwa kuwa ukikosea hutarudi mezani.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Zamani nikiuza vitambaa, nilimkatalia mwenye chumba kwa hasira, mbele ya watu. Kumbe alikuwa na mtu kweli. Nilikuwa nimejibu kiburi chake, sikuijibu hesabu.

Hata hivyo, soko linakuruhusu jambo ambalo poka haikuruhusu: kumtaka mwenzako aoneshe kidogo kabla hujaamua. Nawe una karata ambayo pengine huijui. Kenya ina sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inayowalinda wapangaji wa maduka. Upangaji usio na mkataba wa maandishi, kama wako, unalindwa nayo. Mwenye duka hawezi kupandisha kodi wala kukufukuza kwa maneno ya mdomo. Lazima akupe notisi kwa fomu maalumu, yenye sababu, na haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili kwisha tangu uipokee. Ukiipata, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au unakataa, na kabla siku ya notisi kuanza kufanya kazi haijafika upeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, wanaloliita BPRT. Ila hakikisha kwanza kibanda si cha kaunti wala cha serikali, kwa sababu huko sheria hiyo haifiki.

Kwa hivyo, mwanangu, hukumu yangu ni hii: naamini anatisha. Usilipe Sh18,000. Lakini usimkatalie mikono mitupu. Wiki hii zunguka upande wa Kamukunji na Majengo, ujue kibanda kingine kinapatikana kwa bei gani, hata kama hutakihitaji. Kusanya risiti zote na ujumbe wa M-Pesa wa kodi, uzipige picha na kuziweka nyumbani. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Ushahidi wako usilale kibandani.

Kisha mwendee mzee kwa heshima, peke yenu, umwambie: “Mzee, nimekusikia. Nipe notisi kwa maandishi, nami nitakujibu kwa maandishi.” Halafu nyamaza. Kama ana mtu kweli, ataileta, nawe utakuwa na miezi miwili badala ya siku chache. Kama hana, utaona maneno yakianza kulegea. Na ikiwa majirani kweli wanalipa zaidi yako, mwambie uko tayari kwa Sh14,000, muandikiane. Miaka sita bila nyongeza ni mingi hata kwake, na mpangaji asiyechelewesha kodi ni mali ambayo mzee mwenyewe hapendi kuipoteza.

Siku ya kodi ikifika kabla hamjaelewana, mtumie Sh12,000 zako kwa M-Pesa kama kawaida. Kesho yake, funua turubai yako alfajiri na upange viatu.