MADA YA 9: MALEZI YA MWANZO NA TABIA YA UKUBWANI

Malengo: Ukimaliza mada hii uweze (a) kueleza maana ya kipindi nyeti, (b) kutumia mifano ya wanyama na binadamu, (c) kueleza faida yake katika mageuzi.

9.1 Utangulizi
Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Biolojia inaongeza swali: kwa nini uteuzi asilia haukufunga tabia zote ndani ya jeni? Sababu ni kwamba mazingira hubadilika kati ya kizazi na kizazi. Kiumbe mchanga anayepokea dalili za mazingira yake mapema na kujirekebisha ana nafasi kubwa ya kuishi na kuzaa.

Kipindi nyeti ni muda katika ukuaji ambapo kiumbe huathiriwa kwa urahisi na jambo fulani, na athari yake hudumu.

9.2 Bata bukini
Konrad Lorenz wa Austria (Tuzo ya Nobel, 1973) alionyesha kuwa makinda ya bata bukini hufuata kitu cha kwanza kinachotembea mbele yao baada ya kuanguliwa. Makinda yaliyomwona yeye kwanza yalimfuata yeye. Porini kitu hicho karibu kila mara ni mama, hivyo kanuni hii rahisi hulinda kinda dhidi ya kupotea na kuliwa.

9.3 Panya
Michael Meaney na wenzake, Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichunguza panya mama wanaolamba watoto wao sana na wanaowalamba kidogo katika wiki ya kwanza.

• Waliolambwa sana, wakikua, huwa na woga mdogo, na homoni zao za msongo hushuka haraka baada ya mshtuko.
• Majike waliolambwa sana nao hulamba watoto wao sana.
• Mtoto wa mama asiyelamba sana akilelewa na mama anayelamba sana, hufanana na mlezi. Kwa hiyo chanzo ni malezi.

Mwaka 2004 walieleza kuwa kulambwa hubadilisha alama za kemikali juu ya jeni inayohusika na kutuliza msongo. Mfuatano wa DNA wenyewe haubadiliki.

Faida ni nini? Mama mwenye msongo hulamba kidogo. Kwa mtoto, hiyo yaweza kuwa dalili kwamba nje kuna hatari, na palipo na hatari mwoga huishi. Hasara hutokea pale mazingira ya ukubwani yanapotofautiana na yale ya utotoni: mwili unabaki na tahadhari isiyohitajika.

9.4 Binadamu
Kuanzia mwaka 2000, watoto waliolelewa katika taasisi za Bucharest, Romania, walifuatiliwa. Baadhi walichaguliwa kwa kura kuhamia kwa familia za malezi. Waliohama kabla ya miaka miwili hivi walijenga uhusiano imara zaidi na walezi. Waliochelewa nao walinufaika katika baadhi ya mambo.

ZINGATIA: Kipindi nyeti si hukumu ya maisha. Ikiwa wewe mwenyewe ulikulia katika shida, somo hili halisemi kwamba umeharibika. Linasema kwamba mwili wako ulijiandaa kwa mazingira uliyoyakuta, na bado unaweza kujifunza.

9.5 Makosa ya kuepuka katika mtihani
1. Kuandika “kinda huamua kumfuata mama.” Hakuna uamuzi; tabia hiyo imejengwa na uteuzi asilia.
2. Kuchanganya “kwa namna gani” (homoni, jeni, kulambwa) na “kwa nini” (faida katika kuishi na kuzaa). Swali likitaka vyote viwili, jibu kila kimoja katika aya yake.
3. Kusema malezi hubadilisha mfuatano wa DNA.

9.6 Maswali ya kujipima
1. Eleza maana ya kipindi nyeti. (alama 2)
2. Kubadilishana walezi kati ya panya kulithibitisha nini? (alama 4)
3. “Woga ni kasoro.” Jadili kauli hii kwa mtazamo wa mageuzi. (alama 9)

Dokezo la swali la 3: anza na mazingira, kisha uliza woga huo unamsaidia nani, na wapi.