Jiko la Kuni Likirudisha Moshi Ndani: Jinsi ya Kutambua Chanzo

Kati ya Juni na Agosti, baridi inapokaza Kinangop, Ol Kalou na sehemu nyingine za Nyandarua, jiko la kuni huwa na kazi mbili: kupika na kutia nyumba joto. Milango hufungwa mapema, watoto hufanya kazi ya shule karibu na moto, na jiko huwaka hadi usiku. Ndio wakati ambao familia nyingi hugundua kuwa jiko lao, ingawa lina bomba la kutoa moshi, linarudisha moshi ndani. Sare za shule zinanuka, macho yanawasha, na mtoto anakohoa usiku kucha.

Wengine hufungua dirisha na kuvumilia. Wengine hununua jiko jipya, lakini baada ya wiki chache moshi unarudi. Mara nyingi kosa haliko kwenye jiko lenyewe. Liko kwenye bomba, kwenye kuni au kwenye namna ya kuwasha moto, na mwenye nyumba anaweza kulitambua bila gharama.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya familia nchini hutegemea kuni kwa kupikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka 5. Moshi wa kuni huongeza hatari ya nimonia kwa watoto, na magonjwa ya mapafu na moyo kwa watu wazima. Wanaoathirika zaidi ni wale wanaokaa karibu na jiko kwa saa nyingi, yaani akina mama na watoto wadogo.

Bomba huvuta vipi moshi?

Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi, kwa hivyo hupanda. Moto unapowaka vizuri, hewa moto hupanda ndani ya bomba na kuvuta hewa nyingine kutoka kwenye mdomo wa jiko. Mvuto huo ukiwa na nguvu, moshi wote hutoka nje. Bomba likiwa baridi, limeziba, ni fupi au lina ufa, mvuto hupungua na moshi hurudi chumbani.

Angalia moshi unatokea wakati gani

Kabla ya kugusa chochote, chunguza jiko kwa siku mbili au tatu. Saa na hali ambayo moshi unatokea huonyesha chanzo chake.

Moshi ukirudi wakati wa kuwasha tu, kisha ukaisha, bomba ni baridi. Anza na moto mdogo wa karatasi na vijiti vikavu ili bomba lipate joto, ndipo uongeze kuni kubwa. Jiko likijazwa kuni nene tangu mwanzo, moshi huwa mwingi kabla mvuto haujaanza.

Jiko lililofanya kazi vizuri kwa miezi mingi likianza kutoa moshi pole pole, na hali ikazidi kila wiki, bomba linaziba. Sababu ya kawaida ni masizi. Wakati mwingine ni kiota cha ndege au kofia ya bomba iliyoshuka.

Moshi ukirudi wakati wa upepo peke yake, huenda bomba ni fupi. Upepo unaopita juu ya paa husukuma hewa chini pale bomba linapoishia karibu na mabati. Ncha ya bomba inafaa kuwa juu ya kitu chochote kilicho umbali wa mita 3 kutoka kwake, kwa angalau sentimita 60. Kitu hicho chaweza kuwa kilele cha paa, ukuta wa jirani au mti.

Moshi ukitoka unapofungua mlango wa jiko ili kuongeza kuni, huenda unaufungua ghafla. Fungua kidogo, subiri sekunde chache, kisha ufungue wote. Pia, nyumba iliyozibwa kila upenyo hunyima jiko hewa. Acha nafasi ndogo ya hewa kuingia, hata wakati wa baridi.

Harufu ikisikika hata jiko likiwa limezimika, hasa baada ya mvua, maji yanaingia kwenye bomba na kulowesha masizi. Angalia kofia ya bomba na pale bomba linapopita kwenye mabati.

Ikiwa moshi unatoka mahali pamoja kila wakati, tafuta ufa. Jiko likiwaka, pitisha njiti yenye moto taratibu kando ya viungo vya bomba na kuta za jiko. Mwali ukiinama ghafla, pana nafasi inayopitisha hewa. Kwenye jiko la matofali au udongo, ziba ufa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na majivu. Simenti ya kawaida hupasuka kwa moto mkali.

Kuni mbichi ni chanzo kikubwa

Kuni iliyokatwa karibuni inaweza kuwa na maji hadi karibu nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu kukausha maji hayo badala ya kutoa joto, moshi huongezeka, na ndani ya bomba hujikusanya mafuta meusi kama lami. Kuni nzuri ina maji chini ya asilimia 20.

Pasua magogo ya mkaratusi, msaiprasi au miti mingine mapema, uyapange juu ya mawe au mbao ili yasiguse ardhi. Yafunike juu peke yake, na uache pande wazi kwa upepo. Yakae miezi sita au zaidi. Kuni za Julai, basi, zinapaswa kuwa zimepasuliwa kufikia Januari. Kuni kavu ni nyepesi, ina nyufa kwenye ncha, na hulia kwa sauti kali ukigonganisha vipande viwili. Kuni inayotoa povu au kufoka motoni bado ni mbichi.

Usichome plastiki, mpira wala mbao zilizopakwa rangi au dawa. Moshi wake una sumu, hata ukionekana mchache.

Kusafisha bomba

Kagua bomba la jiko linalowashwa kila siku angalau mara moja kwa mwezi. Masizi yakifika unene wa milimita 3, yasafishwe. Acha jiko lipoe usiku mzima, funika pua na mdomo kwa kitambaa, kisha upitishe brashi ngumu au gunia lililofungwa kwenye waya. Ondoa masizi yaliyoanguka chini, pamoja na majivu. Kazi ya juu ya paa aachiwe fundi mwenye ngazi imara.

Masizi yakiachwa huweza kushika moto ndani ya bomba. Ishara yake ni mngurumo mkali na bomba kuwa jekundu. Funga mlango wa jiko na tundu la hewa, toa watu wote nje na upige simu 999 au 112. Usimwage maji kwenye jiko lenye moto.

Hatari isiyo na harufu

Kutokuwepo kwa moshi si uhakika wa usalama. Makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Usizibe bomba usiku ili kuhifadhi joto wakati makaa bado yanawaka. Usiingize jiko la makaa chumba cha kulala, hata kwa muda mfupi. Watu kadhaa nyumbani wakipata kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje mara moja kisha wapelekwe hospitali.

Mtoto anayepumua kwa haraka, ambaye kifua kinabonyea anapovuta pumzi au anayeshindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wahudumu wamwambie daktari kuwa anaishi kwenye nyumba yenye moshi.

Ikiwa moshi unaendelea baada ya hatua hizi zote, mwite fundi wa majiko. Mweleze unatokea saa ngapi, kwa upepo gani na kwa kuni gani. Maelezo hayo yatamsaidia kujua kama bomba liongezwe urefu, libadilishwe au lihamishwe.