SOMO LA UFUNDI: HEWA NDANI YA ALUMINI

Sisi wa Kasulu tunakijua kibuyu. Kibuyu kikavu ni chepesi, tena huelea majini. Kwa nini? Kwa sababu ndani mna hewa. Leo tujifunze jinsi wataalamu wanavyotia hewa ndani ya alumini, yaani ile metali ya sufuria zetu.

Kwanza wanatafuta vijipira vyenye uwazi ndani. Vinapatikana katika majivu ya mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe, kwa mfano kule Afrika Kusini. Ni vidogo kama mchanga laini, na vigumu kama chungu kilichochomwa. Majivu yakitiwa majini, vijipira huelea.

Pili, vijipira hukaushwa, hujazwa ndani ya kalibu na kupashwa moto.

Tatu, alumini huyeyushwa. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 za Selsiasi. Halafu mashine huisukuma kwa nguvu ipenye katikati ya vijipira, ikaachwa ipoe.

Haya, tupige hesabu. Lita moja ya alumini ina uzito wa kilo 2.7. Tuseme lita moja ya vijipira ni kilo 0.6. Tukichanganya nusu kwa nusu, tunapata kilo 1.35 na kilo 0.3. Jumla ni kilo 1.65. Tumepunguza zaidi ya kilo moja! Tena ikigongwa, vijipira huvunjika na kupunguza kishindo. Kwa hiyo inafaa kwa sehemu za magari.

Lakini kazi hii ni ya kiwandani. Tusiijaribu nyumbani. Mfinyanzi anajua kwamba chungu kibichi kikiingia motoni hupasuka. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,000. Tone likinaswa ndani ya alumini iliyoyeyuka, hurusha moto usoni mwa fundi.

Fundi wetu anayeyeyusha sufuria mbovu naye yumo katika hatari hiyohiyo. Basi akaushe kwanza vyuma chakavu, kalibu na upawa wake. Asitie motoni kopo lililofungwa. Avae viatu vya kufunika miguu. Watoto wakae mbali.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini kibuyu huelea?
2. Lita 2 za mchanganyiko wetu zina uzito gani?
3. Mafundi wa kijijini kwenu hukaushaje kalibu zao?